Ngazi 68 na foronya moja: mimi na mamangu kwenye hoteli ndogo ya Alfama, Lisbon

Haya, nimewaahidi watu hii rivyu tangu Oktoba na leo ndo napata nafasi ya kukaa chini, kwaiyo mnisamehe ikirukaruka. Jina la hoteli silitaji manake kuna mambo mawili matatu nitayasema na sitaki maneno na mtu, na isitoshe hoteli za aina hii Alfama, mtaa wa kale wa Lisbon kule Ureno, ziko nyingi na zote zinafanana, nyumba ya kale ya ghorofa tatu nne, vyumba havifiki 15, vigae vya buluu na vyeupe mlangoni, kiti kimoja cha mahameli pale risepsheni ambacho hakuna anayekikalia, na bei ya kukutoa jasho. Hiyo ndo wanaita butiki hoteli. Kwetu tungesema nyumba ya mtu imepakwa rangi vizuri.

Mimi naishi Hamburg. Mamangu alikuja kunitembelea kutoka Mombasa, na ile viza yake ya Schengen inamfikisha mpaka Ureno bila kuomba nyingine. Mama ni mtu wa Kibokoni, kazaliwa hatua chache kutoka Fort Jesus, maisha yake yote kasikia Wareno walifanya hivi Wareno walifanya vile, nilipomuuliza anataka kuona wapi Ulaya nikidhani atasema Paris akaniambia "nipeleke nikaone hao walitoka wapi." Nikabuku siku nne, euro 138 kwa usiku na chai ya asubuhi ndani yake.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, nilichukua Uber eapoti nikidhani itatufikisha mlangoni. Eapoti ya Lisbon iko karibu na mji, kama hakuna foleni ni dakika 20 hivi, lakini Alfama gari haziingii ovyo, kuna nguzo za chuma zinazibana njia na bila ruhusa ya mkaazi hupiti. Dereva akatushusha pale Largo do Chafariz de Dentro mbele ya makumbusho ya fado, ule muziki wao wa huzuni, akatuonyesha kwa kidole. Juu. Masanduku mawili, mwanamke wa miaka 71 mwenye magoti mabaya, na njia ya mawe madogo meupe yaliyopangwa kama meno, yamekanyagwa na watu mpaka yamekuwa laini kama sabuni, alafu kulikuwa na manyunyu. Ukienda vaa raba zenye soli ya kushika, hivo vitu vya kisigino waachie wenyewe.

Tukafika. Msichana wa risepsheni mcheshi, akatupa maji baridi na vipande vya limau, kila kitu kizuri, mpaka aliposema chumba chetu kiko ghorofa ya tatu. Sasa hapa ndo penye kisa. Kwenye buking wameandika kwamba hakuna lifti, hilo sikatai, liko pale kwa herufi ndogo. Lakini mimi niliwaandikia imeili wiki tatu kabla, nikawaambia nina mzee, naomba chumba cha chini, wakajibu bila shaka. Kufika, chumba cha chini kina watu wengine. Msichana akaangalia kompyuta, akaangalia tena, akaita mwenzake, wakaangalia wote wawili, samahani samahani. Ngazi 68, nilizihesabu, za mbao, nyembamba, zinapinda kama za mnara wa msikiti. Mama alipofika ya 40 hivi akasimama, akashika ukuta, akaniambia, "Mwanangu, umenileta hoteli au umenipandisha mnarani niadhini?"

Nilicheka lakini nilikuwa na hasira. Na hasira zenyewe si za lifti, ni za ile imeili. Nyumba zile huwezi kuzitia lifti kirahisi, Alfama ndo sehemu ambayo tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 halikuiangusha yote kama lilivyoiangusha Lisbon ya chini, kule Baixa walijenga upya barabara zimenyooka kama rula, huku juu vichochoro vimebaki vilevile vya enzi za Waarabu. Ata jina lenyewe ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji ya moto. Nilipomwambia mama akasema kumbe ni hamamu tu. Na kweli ukitembea mle unajiona uko Mji wa Kale wa Mombasa, kichochoro ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, nguo zimeanikwa dirishani, mabibi wamekaa mlangoni wanakuchambua toka kichwani mpaka kidoleni bila haya. Mama akawa anawasalimia kwa kichwa, nao wanaitikia. Kwaiyo lifti naelewa. Lakini usimwambie mtu bila shaka kama shaka unayo.

Chumba sasa. Kizuri, sitadanganya, dari ya mbao, ukuta mmoja wa vigae vya zamani vya maua, shuka za pamba nyeupe zimepigwa pasi kama kanzu ya Ijumaa. Kidogo lakini. Sanduku ukitaka kulifungua ulipandishe kitandani, na mmoja akivaa mwenzake akae bafuni. Ile "mandhari ya mto" waliyoiandika ipo, ukitoa kichwa nje ya dirisha na ukipinda shingo kushoto unauona Tejo kipande kama cha leso iliyokunjwa. Maji ya moto tele. Na wenzangu Waislamu mtafurahi, bafu ina bidé, kile kibeseni cha kujisafishia, nchi hii bafu nyingi wanazo, mama alipoiona alisema "hawa angalau wamestaarabika" na akaanza kuwasamehe.

Birika hakuna. Hili nalirudia kwa herufi kubwa akilini mwangu, BIRIKA HAKUNA. Mama alisafiri na majani yake ya chai ya Kericho na iliki zake kwenye kikopo, kwa ajili ya sturungi ya alfajiri, alafu unamwambia akishuka ngazi 68 chini atapewa maji ya moto kuanzia saa mbili. Niliposhtaki, ikatolewa birika moja ya umeme kutoka stoo, ile ya hoteli nzima nadhani, tukakaa nayo mpaka tunaondoka na hakuna aliyetudai. Kwaiyo ukienda iombe siku ya kwanza kabla mwengine hajaiwahi.

Alafu foronya. Siku ya pili mama alimwaga hiyo sturungi kwenye mto wa kulalia. Yule mama anayesafisha vyumba, mwenyeji wa Cabo Verde alivyotuambia baadaye, Kiingereza hana, na mama hana Kireno. Mimi niko bafuni. Nasikia mama anasema kwa sauti ya polepole kama anaongea na mtoto, "Fo-ro-nya. Nataka fo-ro-nya." Nikataka kutoka niokoe hali, nasikia yule mama anajibu, "Ah, fronha!" na miguu inashuka ngazi. Baada ya dakika mbili foronya safi iko kitandani na hawa wawili wanatazamana kama wamekutana ndugu waliopoteana. Ikawa ndo mchezo wao kila asubuhi. Mama anaonyesha meza, yule anasema mesa. Bendera, bandeira. Mama akajishika kichwani, leso, yule akasema lenço. Gereza ndo iliwachekesha zaidi manake kwao igreja ni kanisa, na mama alikuwa anajaribu kumweleza kwa mikono kwamba kwetu ni jela. Sijui kama alielewa. Mimi nilikuwa najua haya maneno ya Kireno yamo kwenye Kiswahili, shuleni tulifundishwa, lakini sikuwahi kuyaona yakifanya kazi ya kuleta foronya. Siku ya kuondoka mama alimwachia leso doti nzima, yule naye akalia kidogo, basi nikabaki nashika sanduku sijui niangalie wapi.

Chai ya asubuhi inaandaliwa kule chini, kwenye chumba chenye matao ya mawe kama bohari ya zamani. Mkate wao mzuri, gumu nje laini ndani, jibini ya kondoo inayonukia, mayai wanakupikia ukitaka, nanasi, na vile vikeki vya kastadi pastel de nata vikiwa bado vina joto. Nyama ya nguruwe iko pale lakini wameiweka meza yake peke yake, na tulipouliza kuhusu vikeki walituambia vyao ni vya siagi si mafuta ya nguruwe, hilo uliza kila mahali manake si wote. Kahawa agiza galão, ni kahawa ya maziwa kwenye glasi ndefu. Hii chai ya asubuhi peke yake naipa alama zote, ningekuwa nakaa Lisbon ningeenda pale ata kama silali.

Usiku ndo kwenye shida nyengine. Chini ya dirisha letu kuna kijimkahawa wanaimba fado, na fado ni nzuri bwana, siku ya kwanza tumezima taa tunasikiliza, sauti ya mwanamke inapanda na gitaa linalia, mama akasema inamkumbusha taarab ile ya zamani, ya mtu kaachwa na hajakubali. Siku ya tatu mtu kaachwa mpaka saa saba usiku na sisi tunataka kulala. Wakimaliza wao wanaanza watalii wenye masanduku ya magurudumu juu ya yale mawe, kragakragakraga. Beba vizibo vya masikio. Na risepsheni inafungwa saa nne usiku, baada ya hapo unatumia namba za siri mlangoni, na usiku mmoja namba zilikataa, tulisimama nje dakika 25 napiga simu mpaka mtu akaamka akatubadilishia. Mama kakaa kwenye kidato cha jirani, bibi wa nyumba ile akatoka akampa kiti. Akaketi naye. Hawakusemezana neno.

Kuhusu kula msihofu. Ukishuka mpaka Martim Moniz, Rua do Benformoso imejaa maduka na mikahawa ya Wabangladeshi, biriani na naan na halali yake, bei ya kibinadamu. Na Alfama yenyewe kula samaki wa kuchoma, dagaa wao sardinha ni wakubwa kama kiganja, chumvi ya mawe na makaa tu, mama alikula kwa vidole na hakuna aliyemwangalia mara mbili. Lakini angalieni ule mkate na zeituni wanaokuwekea mezani hujaagiza, si zawadi hiyo, ukigusa unalipa, hutaki mwambie aondoe. Na kuna kodi ya mji, euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, kwenye bei ya buking haimo, sisi wawili usiku nne tukatoa euro 32 pale kaunta. Hiyo si wizi wa hoteli, ndo sheria ya mji, ila wangeisema mapema.

Tramu ya 28 ile ya manjano kila mtu anaitaka, inapita karibu, lakini imeshonwa watu kama matatu ya Likoni saa kumi na moja jioni na vibaka wanaijua vizuri. Kwa mzee chukueni ya 12, inazunguka kilima hichohicho na foleni yake si ya kutisha hivo. Mtaa wa Belém mnaenda na ya 15.

Na Belém ndo tuliyoifuata. Tukaingia kanisa la Jerónimos, ukiingia tu kaburi la Vasco da Gama liko pale karibu na mlango, la mawe, sanamu yake imelala juu mikono kifuani. Alifia India 1524, wakamrudisha, na hapo alipo wamemweka tangu 1880. Mama alisimama muda mrefu. Nilidhani atasema kitu kizito, manake huyu alifika Mombasa Aprili 1498 wakamtilia shaka akakimbilia Malindi, na waliomfuata nyuma ndo waliotujengea ngome mlangoni mwetu kuanzia 1593. Mama akazunguka upande wa pili, akarudi, akasema, "Kalazwa chini huyu. Hana ngazi." Tukatoka tukala vikeki kwenye lile duka la tangu 1837, wanakupa mdalasini unyunyize mwenyewe, akatikisa kile kipakiti akasema watu walizunguka dunia nzima kufuata viungo, alafu wananyunyiza kidogo hivi?

Basi. Mimi nawapa 7 kwa 10, chai ya asubuhi na wafanyakazi ndo wameipandisha, ile imeili na mlango wa namba ndo vimeishusha. Vijana wenye magoti nendeni bila kufikiria. Mwenye mzee asiridhike na imeili, apige simu siku mbili kabla, aulize namba ya chumba, aandike jina la aliyemjibu. Mama yeye anawapa 5, na anayetaka jina la hoteli aniulize pembeni.