TAHADHARI: Nozo "mpya" za 1KD, nimepigwa milioni moja na laki nane

Wakuu habari za jioni. Naandika hii bado nina hasira, mkiona nimeruka ruka mnisamehe. Kuna jamaa anauza nozo (zile zinazopulizia dizeli ndani ya enjini) za 1KD na 2KD, enjini za dizeli za Toyota, anajitangaza sana kwenye magrupu ya WhatsApp, kiduka chake kilikuwa ghorofani Kariakoo. Jina sitaji hapa kwa sababu RB ya polisi ninayo na askari kaniambia nisimshtue, ila anayehisi anamjua aje inboksi nimpe namba aliyokuwa anatumia. Jamani msimpe hata mia.

Nina Hiace ya 1KD ya kubeba watoto wa shule, na tangu Januari ndo inayolisha nyumba nzima. Ilikuwa inagonga asubuhi ikiwa ya baridi, kimoshi cheupe, dashibodi inasoma kilomita 340,000, fundi wangu akasema kaka nozo zimechoka hizi, badilisha zote nne. Sio kwamba nilikurupuka. Nilizunguka maduka matatu, wote wananitajia bei karibu mara mbili ya ya huyu, na huyu nilipompigia hakuharakisha kuuza, aliniuliza kwanza ni 1KD ya mwaka gani, moshi ni mweupe au mweusi, inagonga ikiwa baridi tu au hata ikipata moto. Muuzaji gani wa spea anakuuliza hivyo? Halafu akaanza kunieleza kwamba nozo za mwanzo za 1KD zilikuwa na shida, washa za shaba chini ya nozo zinavuja, masizi yanashuka kwenye oili, yanaziba kile kichujio cha kwenye sampo (bakuli la oili chini ya enjini) mpaka enjini inakosa oili. Na hayo ni kweli kabisa, mwenye Prado yoyote ya 1KD atakuambia. Akasema Toyota walikuja wakaziboresha, na yeye anauza hizo za toleo jipya, kwa hiyo mimi sinunui tu nozo, naipandisha gari daraja. Mtu akikuambia maneno saba ya kweli, la nane unalimeza bila kutafuna.

Nilikwenda Alhamisi saa tano asubuhi. Nakumbuka kila kitu, nakiona hata nikilala. Kanipa kiti, kamtuma dogo maji baridi, ananiita kaka mkubwa. Akatoa maboksi manne ameyafunga kwa raba, kila boksi lina nailoni yake na stika ya kung'aa ambayo ukiigeuza inabadilika rangi. Akachana moja mbele yangu kwa wembe, taratibu, kama mtu anafungua dhahabu. Nozo imelowa oili safi, kofia ya plastiki ya njano kwenye ncha, inang'aa. Akanishikisha, akasema sikia uzito huo, ya bandia ni nyepesi. Nikaishika nikasikia uzito kweli! Mi najua nini kuhusu uzito wa nozo? Wakati huo huo akaingia mzee mmoja na overoli, akasema zile za juzi nimefunga kwenye Hilux inatembea kama maji, nipe seti nyingine. Yule mzee sa hivi naamini walikuwa pamoja. Lakini pale, umekaa, maji baridi mkononi, fundi mtu mzima anasifia, ungefanyaje?

Nikamuuliza risiti, akasema mashine ya EFD mtandao umegoma tangu asubuhi, akaniandikia kwa mkono na garanti ya miezi sita. Nikamtumia 1,800,000 kwa simu. Ada ya shule ya mwanangu Salma ilikuwa humo ndani.

Akaniambia neno moja wakati natoka, na hili ndilo linaloniuma: "Kaka mkubwa, mwambie fundi asihangaike kuingiza namba kwenye kompyuta, hizi zinakubali gari yoyote, funga washa moto." Nikaona afadhali, nimeokoa hela ya kupimisha.

Fundi kafunga Ijumaa, washa za shaba mpya zote. Gari ikawaka kwa shida, ikatulia dakika moja, kisha ikaanza kumisi. Silensa (enjini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka, usukani unatetemeka mpaka mkono unawasha, ukikanyaga mafuta inagonga vibaya kuliko mwanzo na moshi mweusi unajaa gereji nzima. Tukampigia jamaa, akasema hewa kwenye mfumo, itaisha. Tukatoa hewa. Tukabadilisha filta ya dizeli. Tukakagua plagi za nyaya za nozo moja moja. Jumamosi akasema basi ni valvu ya pampu, nikanunua ya mtumba 180,000, hamna kitu. Mara ya mwisho kupokea simu alisema fundi wako kaharibu nozo zangu, nitamshtaki. Mimi niliyelipa ndo nishtakiwe! Kisha akaniblok.

Na Jumatatu wale watoto wa shule nimewakodishia bodaboda na bajaji kwa hela yangu, wazazi wananipigia saa kumi na moja alfajiri, nawajibu nini?

Fundi wa pampu na nozo nilikopelekwa na shemeji ndiye aliyemaliza utata. Kwanza kachomeka kompyuta, gari iko silensa, akaangalia jinsi kontroli boksi, yani kompyuta ya gari, inavyosahihisha mafuta kwa kila silinda. Namba ya kusahihisha inatakiwa isizidi 3 kwenda juu wala chini. Silinda ya pili inasoma zaidi ya 4, ya nne imeshuka hivyo hivyo. Yani moja inanyimwa mafuta nyingine inamwaga. Akafunga vimipira vya dizeli ya kurudi kwenye chupa nne za maji, akawasha, chupa mbili zikajaa wakati nyingine hazijafika robo. Akazitoa zote akazipanga kwenye gazeti, akachovya kitambaa kwenye thina akapangusa kichwa cha nozo. Maandishi yakatoka! Nozo halisi namba imechongwa, haifutiki kwa thina. Chini yake kuna mikwaruzo ya msasa, ni chuma cha zamani kimeng'arishwa. Halafu akaniambia soma namba za hizi tatu ambazo sijafuta. Nikasoma. Zote zinafanana, herufi kwa herufi. Akasema kila nozo ya 1KD ina mlolongo wake wa namba na herufi kwa sababu hakuna mbili zinazomwaga sawa sawa, ndo maana fundi anaziingiza kwenye kontroli boksi moja moja. Ukiona nne zina namba moja, hizo zimepigwa chapa uani kwa mtu.

Nilikaa kwenye tairi pale sikuweza kusema. Akasema pia nishukuru sikuendesha siku nyingi, nozo inayomwaga hivyo kwenye 1KD inapasua pistoni. Hiyo gari inabeba watoto wa watu!

Mtu kama huyu afungwe. Siongelei kurudisha hela, hela arudishe na ndani aingie, kwa kujipatia fedha kwa udanganyifu, na Tume ya Ushindani wakamate mzigo wote wauchome hadharani. Na yule mzee wa overoli naye. Namba yake ya simu nimeshairipoti 15040, ile ya kuripoti matapeli. Nilirudi dukani Jumatano, wanauza makava ya simu, dada wa pale anasema amepanga wiki hii tu. Watu hawa wana roho gani, unamwona mtu ana shida unamwagizia maji baridi.

Wanaouliza utamjuaje: namba zikifanana kaa mbali, akikuambia usiingize namba kaa mbali, EFD ikigoma ondoka. Kama una fundi wa nozo nenda naye na thina yako kabla hujatuma hela. Mengine nikitulia.

Nozo nne ninazo, na risiti ya mkono, na meseji zake zote. Jumatatu saa tatu naenda kituoni Msimbazi. Najua siko peke yangu, uliyepigwa na huyu jamaa njoo na karatasi yako twende pamoja.