Jeli ya mafuta ya mti wa chai kwa chunusi: inafanya kazi, ila sio ya watu wa haraka

Haya wale mnaoulizia, hii jeli ina mafuta ya mti wa chai asilimia 5, yaani Melaleuca alternifolia wa kule Australia, sio ule mchai wa majani ya kunywa, na kusema ukweli chunusi zangu zimepungua ila imechukua wiki kadhaa, kama unataka matokeo kesho asubuhi achana nayo kabisa. Wala sishangai, maana utafiti wa 1990 huko huko Australia ulilinganisha jeli ya mafuta haya asilimia 5 na benzoili peroksaidi asilimia 5, ile dawa ya kupaka ya chunusi, zote zikasaidia ila ya mafuta ikachelewa kuanza, lakini haikukausha wala kuwasha ngozi sana kama ile nyingine. Hicho ndo kilinivutia, ngozi yangu haitaki ubabe.

Kazi kubwa inafanywa na terpineni-4-oli, kemikali iliyomo kwenye mafuta hayo, inatoboa utando unaowazunguka bakteria wa chunusi, vitu vya ndani vinavuja wanakufa. Kwa hiyo soma lebo, kama hawajaandika kiasi cha mafuta mi sinunui, "ya asili" peke yake hainiambii kitu.

Harufu sasa! Kali mno, aliyelala pembeni yako atajua tu. Alafu ifunike vizuri uiweke mbali na mwanga, mafuta yakikaa sana hewani yanaharibika na ndo yanaleta aleji. Jaribu kwanza kidogo mkononi, na usimeze hata tone, ni sumu.

Ila kidonda kinachotoa usaha, wekundu unaosambaa au homa, hapo nenda kwa daktari, na kama ushapewa antibayotiki endelea nazo. Nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya harufu.