Viatu vya barafu vya mtoto: angalia makali kabla hujaangalia bei

Msimu uliopita nilimpeleka mwanangu wa miaka 5 kwenye somo lake la kwanza la kuteleza barafuni, hapa Edmonton, Kanada. Viatu, vile vyenye chuma chembamba kwa chini, vilikuwa vipya kabisa, nimevilipia dola 90, nimevitoa kwenye boksi asubuhi ile ile. Watoto wenzake walianguka, wakainuka, wakaenda hatua mbili tatu. Wangu kila akijisukuma, mguu unamkimbia pembeni kama amekanyaga sabuni. Dakika 30 nzima kashikilia ukuta. Tulipokuwa tunatoka akaniambia, "Mama, viatu hivi havinitaki." Nikadhani ni woga tu. Nikambembeleza, wiki ya pili nikamrudisha, mambo yakawa yale yale.

Aliyegundua ni mwalimu, binti mdogo tu. Alishika kiatu, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye chuma, akaniuliza vimenolewa wapi. Nikamjibu ni vipya. Akatikisa kichwa: havijawahi kunolewa hata siku moja.

Tangu Septemba mwaka huu kina mama wanne wameniandikia kisa hicho hicho, mmoja wao yuko Winnipeg na tayari alikuwa amemwondoa binti yake darasani. Ndiyo maana naandika. Kila mwongozo utakuambia saizi na rangi. Hili la makali halisemwi.

Sisi tuliokulia Dar tunamjua fundi wa kunoa visu, yule anayekaa juu ya baiskeli akipiga pedeli huku cheche zinaruka. Kisu cha jikoni kina makali mamoja. Chuma cha kiatu cha barafu ni kitu kingine. Ukikigeuza utaona kwa chini kuna mfereji mwembamba unaokwenda urefu wote, na kila upande wa mfereji una ukingo wake. Kingo hizo mbili ndizo zinazouma barafu mtoto anapojisukuma. Viatu vingi hutoka kiwandani bila mfereji unaofaa, na duka ndilo linalotakiwa kuuchonga kabla hujaondoka.

Kwa hiyo ukiwa dukani, pitisha ukucha kwa kukata ukingo, kushoto na kulia. Ukiacha unga mweupe wa ukucha, kuna makali. Ukiteleza tu, hakuna. Kisha laza sarafu juu ya kingo zote mbili: ikiinamia upande mmoja, fundi amenoa vibaya na mguu wa mtoto utavutwa pembeni. Mwambie fundi mfereji wa nusu inchi, ndio wa kawaida (hicho ni kipimo cha mviringo wa mfereji, si kina chake). Mtoto ni mwepesi, hana kilo za kukandamiza chuma kwenye barafu, kwa hiyo usikubali mfereji wa kina kifupi kuliko huo. Na usimruhusu atembee kwenye saruji au lami na chuma kitupu, hata hatua tano hadi kwenye gari. Nunua vikinga vigumu vya kutembelea, ila akivua viatu, futa chuma kwa taulo kavu na uviweke kando vikinga hivyo, maana vinashika maji na kutu inaanza usiku huo huo.

Sasa chaguo langu. Namba moja ni kampuni ya Bauer, tena sifichi. Viatu vyao vya watoto vimesimama imara kwenye kifundo bila kuwa jiwe, na aina zao nyingi zina vipimo vitatu vya upana. Mwanangu ana mguu mpana, na kipimo cha tatu kilimkaa kama kashonewa. Pia ni Bauer pamoja na Hockey Canada, shirikisho la hoki ya barafuni la Kanada, walioanzisha First Shift, mpango wa watoto wa miaka 6 hadi 10 ambao hawajawahi kusajiliwa kwenye hoki, ambapo mtoto hupata vifaa vya mwili mzima. Mzazi anayeanza sifuri aulizie huo kwanza.

Namba mbili, Bauer vilivyotumika. Mguu wa mtoto hukua haraka, kwa hiyo utakuta jozi zilizovaliwa msimu mmoja. Angalia tu chuma kisiwe kimeliwa na mashine ya kunoa hadi kubaki chembamba. Namba tatu ni CCM, kampuni nyingine ya vifaa vya hoki (si chama!): ni vizuri, ila kwa mguu wa mwanangu vilibana kwenye vidole.

Vile vya plastiki vyenye vyuma viwili chini ya kila mguu, acha. Havina ukingo wa kumfundisha mtoto chochote.

Saizi, kwa kifupi: huwa ndogo kwa moja au moja na nusu kuliko ya viatu vya kawaida. Soksi moja nyembamba. Usinunue "vya kukulia". Kofia iwe ya hoki yenye stika ya CSA, shirika la viwango la Kanada. Ya baiskeli haipigi hata hodi kwenye madarasa ya CanSkate, mpango wa Kanada wa kufundisha kuteleza barafuni. Ada ikikushinda, mashirika ya hisani ya Jumpstart na KidSport husaidia familia, usione haya kuomba.

Sasa niseme la moyoni. Duka lililoniuzia nililirudia na viatu mkononi. Muuzaji akanijibu, "Hukuuliza." Kisha akataka dola 10 za kunoa. Mtu unamwambia wazi kwamba ni somo la kwanza, kwetu barafu tunaijua ya kwenye friji, naye anakuuzia chuma butu, anakufungia mfuko na kukutakia siku njema! Muuza panga sokoni Kariakoo atakuonyesha makali kabla hujatoa hela. Kunoa kwa mara ya kwanza kunapaswa kuwa ndani ya bei, na kama hakumo, kuandikwe kwenye boksi kwa herufi kubwa. Nimewaandikia barua makao yao makuu, mpaka leo kimya.

Viatu nilivipeleka kwa mzee mmoja anayenoa ndani ya uwanja wenyewe, dola 8, dakika kumi. Somo la tatu mwanangu aliachia ukuta, akaenda hadi mstari wa bluu uliochorwa barafuni peke yake. Ukifika hapo kwa mzee, wahi kabla ya saa nne asubuhi Jumamosi; baada ya hapo timu za hoki zinapanga foleni hadi mlangoni.