Nyumba yenye bustani katikati, Tanga: kabla hujampa fundi ramani cheki hii

Haya wadau mambo vipi, leo tupo Tanga huku Raskazone, nipo ndani ya nyumba ya mtu, kaniruhusu nirekodi ila kasema geti lisionekane kwa hiyo tunaanzia sebuleni moja kwa moja. Cheki hapa. Kochi kushoto, kochi kulia, mbele yako hakuna ukuta, ni vioo vya slaidi toka chini mpaka kwenye lenta, na ukichungulia nje huoni barabara, unaona bustani, ipo katikati ya nyumba, vyumba vimeizunguka pande tatu na upande wa nne ni ukuta wa fensi. Jirani hakuoni, mpita njia hakuoni, unatoka na kanga yako asubuhi unakaa na chai yako kwa raha zako.

Shikamoo bibi. Samahani tunarekodi... eeh, hatukutoi, usijali.

Watu wanasema hii staili ya kisasa, kontemporari, imetoka Ulaya. Mi nasema pita Ngamiani kwenye zile nyumba za Kiswahili, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, mwisho unatokea uani. Sasa huu ni ua, wameutoa nyuma wakauleta katikati, wakahamisha jiko na kinu wakaweka taa za chini. Ukienda Bagamoyo pale Caravan Serai, kile kituo cha zamani cha misafara, utaukuta tena, jengo limezunguka uwanja wa wazi. Na huko Sri Lanka kuna msanifu Geoffrey Bawa, alichukua nyumba nne ndogo za mstari mmoja mjini Colombo akaziunganisha ikawa nyumba yake, ndani akaacha viua vidogo vidogo vya kuingiza mwanga na hewa. Colombo joto na unyevu kama kwetu, ndo maana namtaja yeye, zile nyumba za vioo vitupu za Marekani siziigi, wenzetu wana baridi, jua wanalisubiri kwa hamu.

Twende kwenye upepo, maana hapa ndo nyumba hii inafaulu na inafeli hapohapo. Ule ukuta wa fensi upo kusini mashariki, na juu wameujengea tofali za maua, kwa hiyo kusi ikianza kuvuma kwenye mwezi wa nne hivi inapenya, inavuka bustani, inaingia sebuleni inatokea jikoni, feni unazima. Safi sana. Sasa ikifika Desemba upepo unageuka, kaskazi inatokea kaskazini mashariki, na upande huo wamepanga vyumba vya kulala vyenye vidirisha vidogo, hewa haifiki bustanini, na ndo miezi yenyewe ya joto. AC inawaka, LUKU inalia. Halafu hizi slaidi za milango miwili zinafunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo umekilipia kikae, na cha upande wa magharibi kinapigwa jua la alasiri mpaka ukigusa kinachoma. Hapo ningeweka milango ya mbao ya kukunja, au basi kibaraza kipana mbele ya kioo.

Maji sasa, hapa sikilizeni. Bustani ni mita 5 kwa 6, yaani mita 30 za mraba. Ikinyesha masika ya milimita 50 siku moja, na Tanga inanyesha kaka, hapo ni lita 1,500 zimeanguka bustanini peke yake, na kama paa mita 100 za mraba linamwaga humuhumu ongeza lita 5,000, tenki kubwa zima limemwagika katikati ya nyumba yako na njia ya kutoka ni moja. Hapa wamefanya vizuri, gata zinapeleka nje kwenye tenki, bustani iko chini ya sakafu kwa ngazi mbili, na kuna bomba mbili za inchi 4 kwenye chemba tofauti, jani likiziba moja nyingine inafanya kazi. Fundi akikwambia bomba moja linatosha, msindikize getini.

Kibwawa cha urembo mi sikipendi. Mbu wa dengue anataga kwenye maji masafi kama haya na anauma mchana, chandarua hakikusaidii, na 2019 dengue ilipita Tanga. Wameweka samaki, sawa, wanakula viluwiluwi, ila visahani vya chini ya vyungu vimejaa maji, samaki hawafiki huko.

Mimea fasta fasta: ukoka kwenye kivuli umeshapauka, utakufa huo. Asumini, mrehani na mndimu wamepatia. Ule mkungu pale kona ung'olewe sasa hivi ungali mdogo, ule ni mti wa ufukweni, unakuwa mkubwa balaa na majani yake ndo yale yanayoziba chemba. Na vigurudumu vya slaidi tayari vina kutu, chumvi ya bahari haina huruma, ukinunua uliza vya stenlesi.

Mi naipa 7 kwa 10, tatu zote zimeliwa na kaskazi na kile kioo cha magharibi. Mwenye kiwanja cha 20 kwa 20 inawezekana, punguza ua uwe mita 3 kwa 4, ila usiuezeke. Na msiniulize bei, mwenyewe haiuzi.