Uzoefu wangu wa baa za Osaka, mwanamke peke yangu na sijui Kijapani

Kina dada wengi mmeniuliza baa za Japani zikoje na kama mwanamke unaweza kwenda mwenyewe, kwa hiyo ngoja niandike yote mara moja. Mei 2025 nilikua Osaka siku 16 kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya Expo, tulipeleka kahawa, na jioni nyingi nikitoka pale kisiwani Yumeshima nilikua napanda treni ya chini ya ardhi laini inayoitwa Chuo mpaka Hommachi, nabadilisha, nachukua Midosuji ile laini nyekundu nashuka Namba, na ukishafika Namba baa ni wewe tu unataka ipi, vichochoro vyote vimejaa, chini, juu ghorofani, mpaka ndani ya majengo ambayo kwa nje unaona ni maofisi.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote nakisema kabisa mwanzoni. Nilikunywa bia yangu peke yangu kaunta, mweusi, mgeni, na hamna mwanaume aliyenisogelea kuniuliza umekuja na nani. Nyumbani mnajua ilivyo, mwanamke ukikaa kaunta mwenyewe dakika kumi haziishi mtu kashakutumia bia ambayo hujaiomba, ukiipokea ina maana yake na ukiikataa unaambiwa unaringa. Mi nina miaka 41 na sikuwahi kuingia baa peke yangu maisha yangu yote mpaka nilipofika Osaka. Ya kwanza nlisimama pale nje kwenye mlango kama robo saa nzima natafuta ujasiri.

Ilikua ni tachinomi. Hizi ni baa za kusimama, hamna viti, kuna kaunta tu na labda mapipa mawili matatu ya kuwekea glasi, fikiria grosari ya mtaani lakini ndogo kuliko, watu kumi wakiingia imejaa. Mlangoni kuna kitambaa kinaning'inia, unakifunua unaingia, mwenye baa anapiga kelele ya kukukaribisha, we unaonyesha kidole kimoja maana yake uko mwenyewe, anakuonyesha pa kusimama. Kijana wa Kitanzania anayesoma huko alikua ameshanifundisha neno moja, aliniambia aunti we sema nama tu, watakuelewa. Nama ni bia ya bomba. Nikasema nama, ikaja na povu lake, baridi mpaka meno yanauma, na kitaulo cha moto cha kufutia mikono. Hiyo bia nlilipa yen 450. Wakati ule yen 1,000 ilikua kama elfu 18 na nusu za kwetu, kwa hiyo bia moja ni kama elfu nane na kidogo hivi, ukifikiria uko Japani mi naona ni bei ya kawaida kabisa, hotelini kwangu bia hiyohiyo ilikua mara mbili.

Sehemu niliyoipenda inaitwa Ura-Namba, maana yake ni nyuma ya Namba, iko karibu na ule mtaa wa Doguyasuji wanapouza masufuria na visu na vyombo vya mahoteli. Watalii wengi wanaishia Dotonbori kwenye mto, pale kwenye lile bango kubwa la mkimbiaji wa Glico, wanapiga picha, wanakula hapohapo kwenye msongamano na bei za hapohapo. Pigeni picha sawa, na mkimaliza tembeeni dakika kumi tu kwenda nyuma huko. Katikati ya safari mtakuta na Hozenji, hekalu dogo lenye sanamu ya Fudo, mlinzi wa Kibuddha, imeota vimajani laini vya kijani mwili mzima kwa sababu watu wanaimwagia maji kila siku wakiomba, usiku na zile taa za karatasi panatulia hata kama baa zimekuzunguka pande zote.

Sasa hela, maana hapa wengi wanaumia na kulalamika. Ukikaa kwenye izakaya, zile za viti na meza, wanakuletea kibakuli kidogo cha chakula ambacho hujaagiza. Kwangu yalikua majani fulani na tofu, nkajua nimekaribishwa, nikala nikashukuru. Bili inakuja naona yen 350 ya ziada. Kile kibakuli Osaka wanakiita tsukidashi, Tokyo wanaita otoshi, ndo kiingilio chenyewe, kila mtu analipa hata Mjapani. Mwenzangu wa Unguja alikasirika sana siku ile akasema tumeibiwa, na mi nilikua upande wake, mpaka yule kijana alipotueleza kwamba pale hamna kuacha kipu chenji, mhudumu hapewi chochote cha juu, ukimwachia hela mezani anakukimbiza mpaka barabarani kukurudishia. Mi nikaona basi sawa, afadhali kibakuli. Kwenye tachinomi nyingi hamna hicho kiingilio, sababu nyingine ya kuzipenda.

Na huyo mwenzangu wa Unguja hanywi pombe, nalisema hili kwa Waislamu wenzake mnaosoma: alikua anaagiza chai ya baridi ya oolong, ipo kila baa, hamna aliyemshangaa. Shida yake ilikua chakula, nguruwe yuko kwenye vitu vingi na mafuta ya kukaangia ni yaleyale, kwa hiyo alikua anakula kwanza kwenye mgahawa wa halali ndo tunakutana.

Chakula cha baa zao jamani. Kuna kitu kinaitwa doteyaki, mishipa ya ng'ombe imepikwa taratibu kwenye miso mpaka imelainika inanata kwenye midomo, ukiwa mtu wa makongoro utalia. Alafu kushikatsu, hii ni ya mtaa wa Shinsekai chini ya mnara wa Tsutenkaku, ni kama mishikaki lakini inapakwa unga inakaangwa, nyama, kitunguu, yai la kware, mzizi wa yungiyungi, yani chochote kinachokubali kijiti. Kuna sosi ya pamoja na sheria moja imeandikwa ukutani, kuchovya ni mara moja tu, ukishang'ata hurudishi kijiti kwenye sosi, ukitaka nyingine unachota na kipande cha kabichi mbichi wanayokupa. Tangu korona sehemu nyingi wamehamia sosi ya kwenye chupa unajimwagia mwenyewe. Kinywaji cha kwenda nacho ni haiboli, wiski na maji ya soda na barafu nyingi, na wiski ya Kijapani nyumbani kwao ni hukohuko mkoa wa Osaka, kiwanda cha Yamazaki kilianza 1923. Vijiti nane na haiboli mbili nlilipa yen 2,100.

Mabaya yapo na ntayasema.

Usiku wa nne tulikua wawili, mi na dada mmoja tuliyekua naye kwenye banda letu, tunatembea upande wa Shinsaibashi, kijana akatufuata ana kikaratasi cha plastiki kimeandikwa Kiingereza, nomihodai yen 1,500, maana yake unakunywa unachotaka kwa muda fulani kwa bei moja. Nomihodai ya kweli ipo na izakaya nyingi wanayo. Huyu alikua mpigadebe. Akatupeleka ghorofa ya tano kwa lifti, chumba chenye taa za zambarau, hamna menyu mezani. Tulikaa kama dakika 50, vinywaji viwili viwili vya majimaji. Bili ikaja yen 23,000. Kiti kimehesabiwa, huduma imehesabiwa, karanga zimehesabiwa, na eti ile bei ya 1,500 ni kwa nusu saa ya kwanza. Mwanaume mmoja kasimama karibu na lifti. Tulilipa. Nilitetemeka mpaka nafika hotelini na kwa siku mbili sikutaka hata kusikia habari ya baa.

Yule kijana wetu alipojua alisikitika sana, akatuambia wapigadebe wa hivyo wamekatazwa kisheria kabisa na Wajapani wenyewe wanatapeliwa hivyohivyo. Kwa hiyo shikeni hili: baa nzuri haimtumi mtu kukuvuta barabarani. Anayekufuata usimjibu, usisimame, usimwangalie kikaratasi chake. Na ikitokea umeshaingia, usitoe kadi, omba muende wote koban, vile vituo vidogo vya polisi viko karibu na stesheni na kwenye kona nyingi, namba ya polisi ni 110. Sina uhakika kama sisi tungerudishiwa hela, ila angalau yule wa kwenye lifti asingesimama vile.

La pili ni gumu kidogo kuliandika. Kuna baa mbili nilifungua mlango na mwenyewe akavusha mikono yake kifuani kama alama ya X, maana yake hapana. Ya kwanza ilikua imejaa kweli, nliona. Ya pili kulikua na watu watatu na viti vitano vitupu. Nimeelezwa sababu, kwamba zile baa ndogo zinaishi kwa wateja wao wa kila siku, wengine wana chupa zao zimeandikwa majina rafuni, mwenye baa ni mtu mmoja anaogopa kushindwa kuongea na mgeni. Naelewa. Lakini iliniuma, nlisimama pale nje nikajiuliza ni lugha au ni rangi yangu, na hilo swali sikupata wa kunijibu. Nawaambia msije mkadhani Osaka yote imefungua milango. Mitaa miwili mbele mzee mmoja alinivuta kitambaa cha mlango mwenyewe niingie, akasogea, akawasogeza na wenzake, tukaongea saa nzima kwa programu ya kutafsiri ya kwenye simu kuhusu kahawa na kuhusu timu yake ya besiboli ya Hanshin Tigers, ambayo nimeambiwa watu wa Osaka wanaipenda kama sisi na Simba na Yanga.

Moshi pia. Sheria ya kukataza sigara ndani ipo tangu Aprili 2020 na mkoa wa Osaka wakaikaza zaidi Aprili 2025, lakini vile vibaa vidogo kabisa bado wanaruhusiwa, na mi navipenda vibaa vidogo, kwa hiyo nywele zilinuka sigara siku zote. Mwenye pumu angalieni alama ya mlangoni. Barabarani ndo usiwashe kabisa, jiji lote limekatazwa toka Januari 2025.

Klabu za kucheza muziki nilienda mara moja tu, mtaa wa Amerikamura, sio umri wangu tena, ila vijana watapenda, watu wanacheza mpaka asubuhi. Nliambiwa kumbe zamani ilikua kosa klabu kuchezesha watu baada ya saa sita usiku, sheria ya tangu 1948, na hapohapo Osaka mwaka 2012 mwenye klabu mmoja alikamatwa kwa sheria hiyohiyo, eti anachezesha watu bila kibali, akaenda mahakamani akashinda, na 2016 sheria mpya ikaanza kutumika. Beba pasipoti maana wanaangalia umri, kunywa ni kuanzia miaka 20.

Ratiba yangu nawapa bure. Anza mapema, saa 11 jioni tachinomi nyingi zimeshafunguliwa na bado hamna msongamano, mwenye baa ana nafasi ya kukuelekeza. Beba hela taslimu, sarafu na noti za elfu elfu, vibaa vingi havipokei kadi zetu. Usikae baa moja, kunywa moja, kula kitu kimoja, hama, ndo wanavyofanya wenyewe, kwa yen 3,000 nilikua nazunguka baa tatu narudi nimeshiba. Treni ya mwisho ni karibu saa sita usiku na zinaanza tena kama saa 11 alfajiri, ukiikosa ni teksi na teksi zao ni ghali. Kwenye Midosuji siku za kazi kutwa nzima kuna behewa la wanawake tu, limeandikwa kwa rangi ya pinki chini kwenye jukwaa, nalitaja kwa sababu lipo kwa sababu, wanaume wa kushikashika kwenye treni zilizojaa huko nako wapo. Na glasi yako usiiache ukaenda chooni, hiyo popote duniani.

Usiku wa mwisho nilirudi kwenye ile tachinomi yangu ya kwanza. Mwenyewe ni mama wa makamo, kwa zile siku nilikua nimeshaingia kwake mara sita, nikifunua tu kitambaa anamimina nama kabla sijafungua mdomo. Nilimpelekea robo kilo ya kahawa yetu ya Mbinga. Akaifungua palepale, akanusa, akaipitisha kaunta nzima kila mteja anuse, wanaume wenye tai zao wameinamisha pua kwenye mfuko wa kahawa wananiangalia wanatikisa kichwa. Bili alikataa kuniandikia. Nikaweka hela, akairudisha, nikaweka, akairudisha, mwisho akasema ookini, yani asante ya Osaka, akanisindikiza mpaka nje ya kitambaa akasimama pale mpaka nilipokata kona kwenda stesheni.