Ziara ya Honnō-ji mjini Kyoto: nzuri, ila hadithi imepewa nafasi ya ushahidi

Nilijiunga na ziara ya miguu ya nusu siku inayofuata nyayo za Akechi Mitsuhide, samurai aliyemgeuka bwana wake Oda Nobunaga, mtawala wa kijeshi mwenye nguvu kuliko wote Japani wakati ule, na kumshambulia katika hekalu la Honnō-ji, na naipendekeza kwa moyo mweupe, ingawa ina kasoro moja ambayo waandaaji wanapaswa kuirekebisha.

Tulianzia katika hekalu la Honnō-ji la leo, ambako mwongozaji alitueleza mara moja kwamba Nobunaga hakufia hapo, kwa kuwa Toyotomi Hideyoshi, jemadari wa Nobunaga aliyeshika utawala baada yake, alilihamisha hekalu hilo mwaka 1591. Mahali penyewe pako zaidi ya kilomita moja upande wa magharibi, na kilichobaki ni jiwe la kumbukumbu katikati ya makazi ya watu. Hapo mwongozaji alitoa picha ya kigae cha paa kilichofukuliwa mwaka 2007, kimeungua, nacho kina herufi ya jina la hekalu iliyoandikwa kwa namna ya pekee. Huelezwa kwamba sehemu inayosomeka “hi”, yaani moto, iliondolewa kwa sababu hekalu liliteketea mara nyingi. Niliitazama picha ile kwa muda mrefu, na alfajiri ya tarehe 21 Juni 1582, Mitsuhide alipoligeuzia Kyoto jeshi la watu wapatao 13,000 alilotakiwa kulipeleka magharibi kumsaidia Hideyoshi, ikanijia kama jambo la jana.

Mwili wa Nobunaga haukupatikana. Mwongozaji alilifafanua hili vizuri sana: bila kichwa cha marehemu, Mitsuhide hakuwa na cha kuwaonyesha mabwana wengine, na Hideyoshi aliweza kumwandikia Nakagawa Kiyohide, mmoja wa mabwana hao, kwamba Nobunaga amenusurika.

Kasoro ilijitokeza tulipofika kwenye sababu za usaliti. Tulisimuliwa kwamba mama yake Mitsuhide aliuawa akiwa mateka kwa makosa ya Nobunaga, na kwamba Mitsuhide alitamka “adui yuko Honnō-ji”, kana kwamba mambo hayo yamethibitishwa, ilhali yote mawili yanatoka katika maandishi ya miaka mingi baadaye. Ugomvi kati ya Nobunaga na Mitsuhide kuhusu Chōsokabe, bwana wa kisiwa cha Shikoku, ambao una barua za wakati ule, ulipewa dakika chache tu. Hata barua ya Mitsuhide kwa Tsuchihashi Shigeharu, kiongozi wa wapiganaji wa mkoa wa Kii, ambayo mwaka 2017 ilitangazwa kuwa ndiyo ya asili, na inayoonyesha kwamba alikubali kumrejesha mjini Kyoto Ashikaga Yoshiaki, shoguni (mtawala mkuu wa kijeshi) aliyefukuzwa na Nobunaga, ilitajwa kwa haraka. Ilistahili mjadala, maana iliandikwa siku kumi baada ya shambulio, na kwa hiyo haithibitishi kwamba Yoshiaki alihusika tangu mwanzo.

Yasuke naye, Mwafrika aliyemtumikia Nobunaga, alipata sentensi moja. Barua za Wajesuiti, wamisionari wa Kikatoliki, zinasema alikwenda kwa Nobutada, mwana wa Nobunaga, akapigana hadi akasalimisha upanga wake, na Mitsuhide akaamuru apelekwe kanisani kwao. Baada ya hapo habari zake zinapotea. Kanisa hilo lilikuwa karibu na hekalu la awali, na leo pana jiwe la alama. Nililitafuta peke yangu baada ya ziara, na matembezi mafupi yalitosha kunifikisha.