Kamusi ya bure ya Oxford: tuipime kwa "take off"

Ukitaka kujua uzito wa kamusi ya Kiingereza, usianze na maneno magumu. Itafutie "take off", kitenzi cha maneno mawili (phrasal verb). Maana zake ni nyingi na kila moja ina sarufi yake. Baadhi ya kamusi za bure hukwama papo hapo: zinamwaga maana zote kwenye orodha moja, mwanafunzi anabaki kubahatisha.

Oxford Learner's Dictionaries ya mtandaoni imezitenga kwa muundo. "Take off" inasimama peke yake, halafu kuna "take somebody off", "take something off" na "take something off something". Ndege kupaa, mtu kuondoka upesi, bidhaa kushika soko ghafla: zote zimo katika muundo wa kwanza, kwa kuwa hazichukui yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendewa. Ndiyo maana "the pilot took the plane off" ni kosa. Husemwa "the plane took off". Kuvua koti au kuchukua siku ya mapumziko kazini huhitaji "something", kama "take Friday off". Kumuiga mtu kwa kuchekesha ni "take somebody off". Kupunguza bei kunataka "something" mbili: "take 10% off the price".

Angalia pia mshale wenye ncha mbili, ↔. Unamaanisha nomino inaweza kukaa katikati au mwisho: "take your shoes off", "take off your shoes". Lakini mshale peke yake hausemi kwamba kiwakilishi lazima kikae katikati. "Take them off" ni sahihi, "take off them" si sahihi kabisa. Kosa hili hujirudia kwenye insha, na lingestahili onyo pale pale.

Alama za mkazo ni hazina inayopuuzwa. Katika kitenzi, mkazo mkuu uko kwenye "off". Katika nomino "take-off" unahamia "take". Kwenye ukurasa wa nomino hiyo, bonyeza spika usikilize matamshi ya Uingereza na ya Marekani.

Unapotafuta, andika maneno yote mawili. Ukiandika "take" tu, utapitia makumi ya maana kabla ya kufika chini kabisa vilikowekwa vitenzi hivi.

Udhaifu mkubwa ni kwamba kamusi inakutoa kwenye kitenzi kukupeleka kwenye maana, wakati swali la sarufi la KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, mara nyingi huenda kinyume: unapewa neno kama "removed", uweke kitenzi cha aina hii badala yake. Kwa mtihani huo kamusi pekee haitoshi. Tengeneza daftari lako: kushoto maana kwa Kiswahili, kulia muundo mzima pamoja na "something" yake, chini sentensi moja yenye kiwakilishi. Kwa mfano: kuvua, "take something off", "My shoes were wet, so I took them off."